Siku Niliyopima Gesi Ukuta Ukiwa Umelowa

Akai, mwanangu,

Umeenda Lorugum kumuaga nyanya yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla jua halijashuka. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku la kamera, chini ya sponji. Najua hutalifungua njiani kwa kuogopa vumbi, utalifungua Mombasa, kwenye kazi yako mpya ya kupima gesi. Ndivyo ninavyotaka, kwa sababu ukiisoma hapa Lodwar hutapanda basi.

Mambo ya kula, kulala na wanaume sitayaandika. Nyanya yako anakuhubiria hayo sasa hivi, na anayajua kuliko mimi. Nguo zako umezikunja vizuri, mafuta ya kupaka umebeba ya kumtosha bibi harusi na wasimamizi wake, sina la kuongeza. Nataka kukuandikia jambo moja tu, na limenichukua miaka tisa kulifikia.

Juma lililopita uliniuliza habari ya uso wangu. Nikakwambia bodaboda ilinitupa kule Kakuma. Ukaleta maji ya chumvi, ukanikanda shavu polepole, nami nikakushukuru kama mtoto mwongo. Hakuna bodaboda iliyonitupa. Mwanamke anayeitwa Rebeka alinipiga kwa mwiko wa kusongea ugali, mara tano, na mara ya tano mwiko ukavunjika. Sikuinua mkono. Wewe unanijua kuliko mtu yeyote, unajua mimi ni mtu wa kuinua mkono, kwa hiyo utaelewa kwamba nilistahili.

Nianzie mbali kidogo. Watu wa mafuta walipokuja kuchimba upande wa Lokichar, mimi nilikuwa karani wa stoo kambini kwao. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu glavu na helmeti. Siku moja fundi mmoja mgeni, mtu mfupi mwenye pua iliyoungua jua, alikuja na kitu kama kamera ya harusi, akakielekeza kwenye bomba la kisima. Wanaume wote walisimama pale wakaona bomba, basi. Akanipa mimi nishike. Kwenye skrini nikaona bomba, na juu ya kifundo chake, pale mabomba yanapoungana, kitu kinafuka, kinapanda na kuyumba na upepo. Nikashusha kamera nikatazama kwa macho, hakuna kitu. Nikainua tena, kinafuka. Akai, nilicheka kwa sauti. Tangu nizaliwe nilikuwa ninaambiwa na wanaume kwamba sioni mambo, na sasa nilikuwa ninaona kile wasichokiona.

Nikajifunza. Nikafeli mtihani mara mbili, mara ya tatu nikapita. Wazungu walipopunguza kazi, nikaajiriwa na kampuni ndogo ya ukaguzi hapa Lodwar, nikawa napima visima, jenereta, na depo za gesi ya kupikia. Watu wakaniita Mama Kamera. Jina hilo lilinipanda kichwani, na mengine yote yalianzia hapo.

Wewe kazi unaijua, lakini nitaiandika kwa maneno yangu ili usije ukasema sikuielewa. Kamera haioni gesi kama jicho linavyoona moshi. Inaona joto la kitu kilicho nyuma. Gesi ikipita mbele ya ukuta wenye moto inaziba sehemu ya joto hilo, ndipo unaona mfuko unaotembea kwenye skrini. Lakini ukuta ukiwa na joto sawasawa na gesi, kamera ni kipofu. Bomba linaweza kuvuja hadi lipige mluzi na skrini ikabaki safi. Ndiyo maana nilikufundisha ukiwa mdogo, kabla hujajua hata kuandika vizuri: kabla ya kupima, gusa ukuta. Ulikuwa unazunguka nyumba nzima ukigusa kuta na kunitangazia, huu moto, huu baridi, huu sijui.

Sasa Kakuma. Kulikuwa na depo kando ya kambi ya wakimbizi, tangi moja kubwa la kujazia mitungi midogo, ua wa mabati, na soja mmoja mlangoni. Nyuma ya ua, upande wa nje, kulikuwa na vibanda viwili. Kimoja kilikuwa cha Marko, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeuza mitungi ya gesi kwa rejareja. Cha pili kilikuwa kihoteli cha shemeji yake Tabitha, dada wa mke wake Rebeka. Tabitha alipika chapati ambazo hata mimi nilizifuata kutoka Lodwar.

Nilitumwa kukagua ile depo. Bosi wangu nilikuwa nimemwambia mbele za watu kwamba mimi depo moja humaliza kwa siku moja, si kama wengine wanaolala na kula posho. Tulitoka Lodwar asubuhi, gari likapata pancha mbili, na tulipofika ilikuwa saa tisa mchana na mawingu yamejaa. Mvua ikanyesha. Unajua mvua ya kwetu watu wanavyoipokea. Watoto wa kambi walitoka uchi, wanawake walitoa ndoo na sufuria, soja wa depo alivua shati akacheza. Mimi nilikaa ndani ya pikapu nikitazama saa.

Ilipokatika, saa kumi na moja, kila kitu kilikuwa kimelowa. Mabati, mabomba, ardhi, vyote vilikuwa baridi aina moja. Niligusa ukuta, Akai. Nataka ulijue hilo, kwamba niligusa. Mkono uliniambia ukuta umepoa na hakuna tofauti. Utaratibu unasema usubiri jua la kesho yake. Nikawasha kamera nikapima.

Skrini ilikuwa safi kila mahali. Nilikuwa ninafunga sanduku Marko alipokuja, amevaa kandambili na koti la mvua la plastiki.

"Mama Kamera, hii kitu inanuka tangu juzi," akasema. "Mimi nalala hapa nyuma. Usiku inakuja na chini, inapita kwa mtaro."

"Nimepima. Hakuna kitu."

"Pima tena, mama. Pua yangu inajua."

"Marko, pua yako ina cheti?"

Watu waliokuwa pale wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka, mtu mpole yule, akajipangusa pua na mkono wa koti. Harufu mimi pia niliisikia. Nikajiambia depo yoyote inanuka kidogo wakati wa kujaza mitungi. Nikaandika ripoti kwenye tableti, uvujaji sifuri, nikatia sahihi, nikaituma palepale.

Halafu mto ukawa umejaa, gari halikuweza kuvuka, nikalala Kakuma hata hivyo. Hapa ndipo pananiuma kuliko pengine pote. Asubuhi jua lilitoka kali, mabati yakapata moto, na mimi nilikuwa mita mia tatu kutoka kwenye ile depo na kamera iko na chaji. Ningeweza kurudi. Ni kutembea tu. Lakini kurudi kulikuwa na maana ya kumwambia yule mtu wa pua kwamba nilipima vibaya, na ripoti ilikuwa imekwenda. Nikaagiza chai ya pili.

Saa nne ikalipuka. Haikuwa sauti kali kama watu wanavyodhani, kilikuwa kishindo kizito, kama lori limeangusha mawe, kisha kimya, kisha mabati yakaanza kuanguka kutoka juu. Nilikimbia na kamera mkononi, sijui kwa nini. Kihoteli cha Tabitha hakikuwapo. Gesi ilikuwa imetambaa kwenye mtaro usiku kucha ikajaa chini ya meza zake, na alipowasha jiko la pili ikashika yote kwa mpigo mmoja. Tabitha nilimkuta amekaa, mgongo umeegemea gunia la unga, na unga ulikuwa umemgandia mahali ambapo ngozi ilikuwa imetoka. Alikuwa bado anapumua. Alinitazama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chapati zinaungua. Wateja wake wawili walikuwa wamekufa tayari, mmoja bila uso. Na kulikuwa na msichana mdogo aliyekuja kununua mandazi, amelala kifudifudi, sarafu zimeshikamana na kiganja chake. Tabitha alikufa kabla hatujapata kitu cha kumbebea.

Ndani ya moto ule mtungi mmoja ulikuwa umepasuka. Tabitha alikuwa ameununua kwa Marko. Mtu akauokota kwa fito, ungali unafuka, akauinua juu. Sikuona ni nani. Nilisikia tu, "Ni mitungi yake. Anatuuzia mitungi mibovu." Wakamburuta Marko kutoka kibandani kwake wakiwa wamemshika miguu, kichwa kinagonga kizingiti. Alikuwa anapiga kelele kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kiswahili, kwa lugha yao, maneno yaleyale: ni depo, ni depo, ni depo.

Ofisa mmoja wa usalama alikuwapo, kijana tu. Akaniona mimi na kamera. Akainua mkono watu wakanyamaza kidogo, akaniuliza mbele yao wote:

"Madam, wewe ulipima hii depo jana. Ilikuwa inaliki ama haikuwa inaliki?"

Walikuwa watu labda mia mbili, na wote walikuwa wananitazama. Marko alikuwa chini, uso umejaa tope na damu, naye ananitazama pia. Alikuwa na matumaini usoni, Akai. Aliniona mimi akadhani amepona.

Nikasema, "Nilipima. Haikuvuja."

Jiwe la kwanza lilimpiga kwenye taya kabla sijafunga mdomo. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Mawe, mbao zilizoungua, mguu wa meza wenye msumari. Mtu mmoja alikanyaga mkono wake wa kulia, akasimama juu yake, akageuka na kisigino kama anazima sigara. Ule mkono haujafunguka hadi leo.

Nami nikainua kamera. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu langu ni kwamba mtu mwenye kamera usoni haonekani kwamba amesimama bure. Kwenye skrini ile damu haina wekundu. Inatoka nyeupe, kwa sababu ina joto la mwili, inaruka nyeupe, inaanguka nyeupe juu ya udongo, kisha inapoa na kufifia mpaka huwezi kuitofautisha na ardhi. Nilikuwa naitazama ikififia. Na nyuma yao, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanampiga, nikaona ukuta wa mabati uliopata moto wa jua, na mbele ya ukuta, kwenye kifundo cha bomba la tangi kubwa, gesi inatoka. Haikuwa kidogo. Ilikuwa inamwagika kama maji kutoka kwenye mfereji, inashuka chini, inaelekea mtaroni.

Niliona vyote viwili ndani ya skrini moja. Ningepaza sauti, wangesimama. Kulikuwa bado na wakati, alikuwa bado anajikinga kichwa. Nilijua nikisema ni depo, watu mia mbili watageuka, na mtu wa kwanza watakayemwona ni mwanamke aliyesema sifuri. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la hilo. Nilishusha kamera, nikazunguka nyuma, nikamkuta soja wa depo amejificha, nikamwambia, "Funga valvu kubwa. Usiniulize." Akafunga. Nilipotoka, polisi walikuwa wamefika wanapiga risasi hewani, na Marko alikuwa amelala kimya.

Hakufa. Walimpeleka hospitali akiwa amefungwa pingu kitandani, baadaye wakamwachilia kwa kukosa ushahidi. Lakini watu hawakuhitaji ushahidi, walikuwa na neno langu. Depo ikarekebisha kifundo chake kimyakimya. Soja alisema kwamba ni mimi niliyemwamuru afunge valvu, na watu wakajaza wenyewe yaliyobaki: Mama Kamera ndiye aliyezuia mlipuko wa pili, moto wa mitungi usilifikie tangi. Wakaniombea kanisani. Wewe uliandika insha shuleni, Mama Yangu Shujaa, mwalimu akakutaka uisome mbele ya wazazi, nami nikapiga makofi pamoja na wengine.

Sasa nije kwa kikombe.

Unakumbuka ulikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuchapa kwa waya wa kuchajia mpaka baba yako akanishika mikono. Unaamini nilikuchapa kwa sababu ulivunja kikombe cha udongo cha nyanya yako. Umelisimulia hilo kwa marafiki zako mbele yangu, mkicheka, kwamba katika nyumba ya Mama Kamera kikombe kina thamani kuliko mtoto. Nilicheka pia. Mwanangu, hukuvunja kikombe. Nilirudi kutoka Kakuma siku ile, nikakaa jikoni, ukaja ukanikumbatia, ukasema pole mama. Kisha ukauliza, bila nia yoyote, kama mtoto anayetaka kuonyesha kwamba amesoma: "Lakini mama, juzi si mvua ilinyesha Kakuma? Ukuta ulikuwa na moto?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyekipiga ukutani. Kisha nikachukua waya.

Nilikuchapa kwa sababu mtu mmoja katika dunia nzima alikuwa ameniuliza swali lenyewe, na mtu huyo hakuwa na nguvu ya kunirudishia. Nilikuchapa mpaka swali likakutoka kichwani na ukabaki na kikombe. Nilikuona baadaye ukiamini kikombe, nikakuacha uamini. Hiyo alama iliyoko nyuma ya paja lako la kushoto si ya utundu wako. Naomba unisamehe, na kama huwezi sasa, sitakukimbiza.

Hasira yangu yote unayoijua ilitoka huko. Kabla ya Kakuma nilikuwa mkali wa maneno tu. Baada ya Kakuma nilimpiga baba yako sahani, nilimpiga mwenye duka, nilimrushia jiwe mchunga ngamia aliyepitisha mifugo mbele ya gari langu kule Namoruputh. Watu walisema kazi ya wanaume imenigeuza. Kazi haina kosa. Ukiwa na kitu ambacho kila mtu anaweza kukuuliza na wewe huwezi kukijibu, unaanza kuwapiga watu kabla hawajafungua mdomo.

Mwezi uliopita ulileta kamera ya kampuni nyumbani ufanye mazoezi. Tulitega mtungi wa gesi uani, ukaufungua kidogo. Kulikuwa na manyunyu yametoka kupita. Nikakwambia haya, pima. Ukaenda ukagusa ukuta, ukageuka ukaniambia, "Mama, tungoje. Umepoa." Ukaketi chini kwenye ndoo, ukaanza kula njugu, huna haraka na mtu. Mimi nikaenda nyuma ya choo nikatapika. Ulidhani ni maziwa.

Juma lililofuata nikapanda gari la Kakuma.

Marko sasa anaishi upande wa mwisho wa kambi. Biashara hana. Sikio moja halisikii. Meno ya mbele hayapo, na kwa sababu hiyo Kiswahili chake kinatoka na upepo. Ndugu za Rebeka hawajakanyaga nyumba yake tangu wamzike Tabitha. Watoto wao shuleni huitwa watoto wa mtungi. Nilibisha hodi, Rebeka hakunijua kwa sura, akanikaribisha vizuri, akanipa kigoda, alikuwa anasonga ugali. Nikasema yote. Sikupamba. Nilipofika mahali pa kusema kwamba niliiona gesi wakati wanampiga, alinyanyuka na ule mwiko.

"Wewe ndio ile mama," alikuwa anasema kila anaponipiga. "Dada yangu amezikwa watu wanafikiri ni bwana yangu. Mama yangu amekufa anafikiri ni bwana yangu."

Marko hakumzuia, wala hakumsaidia. Mwiko ulipovunjika akasema, "Sasa kaa."

Nikakaa. Nikamwambia nimekuja kumwambia ukweli.

"Mimi unaniambia nini? Mimi najua kitambo."

"Kwa nini hukusema, Marko?"

Akanitazama. "Nilisema. Nilisema mpaka meno ikaisha."

Nikamwambia nitaandika, nitapeleka polisi, nitapeleka kwa kampuni. Akasema niandike, ni sawa, lakini karatasi haikumpiga yeye, watu ndio walimpiga. Akataka niseme palepale, mbele ya depo, Jumapili watu wakitoka kanisani, saa nne. Rebeka akaongeza sharti lake: nisije na polisi. Bwana yake hakuwa na polisi siku ile. Nilikubali, na sikukubali kwa ujasiri, nilikubali kwa sababu sikuona neno la kukataa ambalo ningeweza kulisema mbele ya ule mkono wa Marko.

Jumapili ni kesho. Ndiyo maana nimekwambia sitakusindikiza hadi stendi, na ukanuna. Basi lako linaelekea Kitale saa moja, gari langu linaelekea Kakuma saa moja hiyo hiyo. Utakaposoma haya, mambo yatakuwa yamekwisha, kwa vyovyote yatakavyokwisha. Baba yako anajua. Amelia, amefoka, mwishoni amekubali kuniacha niende peke yangu.

Kampuni yako nayo nimeiandikia leo asubuhi, wasije wakasikia kwa wengine, nikaambatanisha video ya siku ile. Ndiyo, ilijirekodi. Kidole kilikuwa kimebonyeza, na nimeihifadhi miaka yote hii. Huenda wakakuita wakakuuliza kama wewe ni mtoto wa yule mama. Barua ya kukupendekeza ilikuwa na jina langu, na huenda jina hilo likakutoa kazini kabla hujapata hata mshahara wa kwanza. Nilipima hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kupima bomba. Kila mwaka nilikuwa na sababu nzuri ya kungoja, na sababu yenyewe ilikuwa wewe: akimaliza darasa la nane, akimaliza sekondari, akipata kazi. Nilikuweka mbele yangu kama ngao. Kesho nakutoa mbele yangu, na ikikuumiza, uniumize nawe kwa zamu yako, una haki.

Wakikuacha kazini, nakuomba kitu kimoja. Siku itafika utakapoona kitu kwenye skrini ambacho kitakuangamiza ukikisema. Usishushe kamera kwanza. Mimi nilidhani nitashusha, nivute pumzi, halafu niseme. Nilipoishusha, mdomo ulikuwa umejifunga. Sema ungali unatazama.

Na kama kesho nitaumizwa, usimchukie mtu wa Kakuma. Usiende kuuliza nani alirusha la kwanza. Wale si watu wabaya kuliko sisi wa Lodwar. Walikuwa wamebeba maiti nne, wakamuuliza mtu mwenye kamera, na mtu mwenye kamera akawajibu.

Nimejifunza maneno yangu kwa moyo, ni machache. Mara ya kwanza nilipoyapanga, nilianza na mvua, kisha depo, kisha kifundo cha bomba, na jina langu lilikuja mwisho kabisa. Nimeyapanga upya. Kwenye umati ule kuna watu watakaosikia neno depo tu, na soja mpya wa mlangoni ni kijana ambaye hakuwapo, na Marko mwenyewe atakuwa amesimama hapo karibu, pamoja na mkono wake uliokufa. Kwa hiyo nitaanza na jina langu, ili wasipate nafasi ya kumtafuta mtu mwingine.

Mama yako